TAHADHARI: Anayeuza hedifoni za ZMF Auteur za mbao "zilizotumika kidogo". Nimelizwa, msilizwe na ninyi

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira ambayo haijapungua tangu juzi usiku. Nimetapeliwa. Na sikutapeliwa kwa mbali, kwamba nilituma pesa mtu akazima simu. Hapana. Nililipa uso kwa uso, tumekaa meza moja, nikamkabidhi pesa mkononi, nikampa mkono, nikamwambia "Mungu akubariki." Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Sababu ya kuzitafuta Auteur muda wote huu sirudii, wengi wenu mnaijua, na nilichouza ili nizipate mnakijua pia. Nianzie kwenye tangazo.

Tangazo la huyo muuzaji lilikuwa zuri, lakini si zuri kupita kiasi. Bei ilikuwa chini ya mpya kwa kiasi cha kawaida, si ile bei ya kutupa inayokufanya ukimbie. Nikamwandikia. Akajibu baada ya saa tatu, kwa utulivu, bila kunisukuma. Tukaongea siku tisa. Siku tisa! Huyu mtu anajua anachokizungumza. Alijua kwamba zinatengenezwa kwa mikono Marekani, upande wa Chicago. Alijua kwamba ukibadilisha mito ya masikio, ya ngozi au ya kitambaa, sauti nzima inabadilika. Aliniuliza nina amplifaya gani, nikamwambia ya valvu, zile taa za kioo za zamani, akasema, "Hapo sasa umefika kaka, hizi ni omu 300, zinapenda valvu." Ni kweli, ni omu 300, yaani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, simu inazisukuma kwa shida. Tapeli aliniambia ukweli mtupu kuhusu kitu ambacho hakuwa anakiuza.

Nikamuuliza kwa nini anauza. Akasema masikio yake yanavuma mchana na usiku, daktari amemkataza kusikiliza kwa hedifoni, na kila akiziona mezani anaumia. Nilimwonea huruma. Nilimpa pole. Nilimtumia hadi maelezo ya namna ya kulala ukiwa na tatizo hilo, kwa sababu mjomba wangu analo.

Nikaomba picha yenye karatasi iliyoandikwa jina langu na tarehe ya siku ile, kama tunavyofanya siku zote. Akatuma ndani ya dakika kumi. Hedifoni zimelala juu ya meza nyeusi, karatasi pembeni, jina langu, tarehe sahihi. Nikajiambia, kitu kipo. Na kweli kilikuwepo. Ile picha ilikuwa ya Auteur halisi, sina shaka mpaka leo. Alizitoa wapi, za nani, ameazima au ameiba, sijui.

Tukakutana kwenye ukumbi wa hoteli, saa kumi jioni, watu wengi. Nilichagua mimi mahali, na aliposema sawa bila kubisha nikazidi kumwamini. Alikuja na lile sanduku gumu jeusi. Aliliweka mezani taratibu, akafungua vibano viwili, tak, tak, kisha akaligeuza linitazame mimi. Ndani kuna sponji, kwenye sponji zimelala zenyewe. Harufu ya nta ya mbao ikanijia. Alikuwa na kitambaa laini cha rangi ya kijivu, akafuta kikombe cha kulia, halafu cha kushoto, kama mtu anayemuaga mtoto.

Nikazishika. Zilikuwa nzito, ule uzito wa karibu nusu kilo niliousoma mara mia. Nikageuza vikombe. Mistari ya mbao ilikuwa inapendeza ajabu, ya kahawia iliyokolea, na kulia kulikuwa na kifundo kidogo cheusi karibu na wavu. Nikageuza upande wa kushoto, kifundo kipo palepale. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Aisee, zimelingana kama mapacha." Akatabasamu, akasema fundi alizichagua kutoka kwenye ubao mmoja. Tundu la waya lina pini nne, kama inavyotakiwa. Nikaridhika.

Akasema, "Jaribu kaka, usinunue kwa macho." Akatoa simu yake, akachomeka waya, akanivalisha mwenyewe, akarekebisha mkanda wa kichwani mpaka ukakaa. Akasema fumba macho. Nikafumba. Kelele za ukumbi zikazimika, vikombe na vijiko, mizigo inayoburutwa, vyote vikawa mbali. Likaja gitaa, kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kubwa, imejaa. Nilifumbua macho nikaona simu haijafika hata nusu ya sauti. Nikafurahi. Nikaona zina nguvu. Nilikuwa nimekaa pale nimevaa ushahidi wote kichwani, kelele zimezimika, simu inazisukuma bila jasho, na kila ushahidi nikauita ubora.

Nikahesabu pesa. Akahesabu na yeye, mara mbili. Akanirudishia noti moja akisema nimezidisha. Fikirieni mtu anakurudishia noti moja ili achukue zote.

Nyumbani nilizichomeka kwenye amplifaya. Nikagusa kitufe kidogo tu, sauti ikaruka kama bomba limepasuka. Nikashusha haraka. Nikajaribu tena, besi nene, imetuna, na waimbaji kama wamefungiwa kabatini. Kwa hizi za mgongo wazi, ambazo nyuma ya vikombe hazijazibwa, unatarajia uwanja, unatarajia fidla ikae kule na ngoma ikae huku, chumba kizima. Mimi nikapata ukuta. Nikajipa sababu. Labda mito imekauka. Labda waya. Labda valvu zangu zimechoka. Nilibadilisha valvu saa tano za usiku, jamani.

Aliyenizindua ni mke wangu, bila kujua. Tumelala, mimi nimeegemea mto na hedifoni kichwani. Miaka yote nikisikiliza zile za zamani analalamika, kwa sababu za mgongo wazi zinamwaga sauti nje, aliyeko pembeni anasikia wimbo wote. Usiku ule akageuka, akanigusa bega, akauliza, "Leo mbona umeacha kusikiliza mapema?" Wimbo ulikuwa katikati. Mimi nausikia mpaka kwenye meno, yeye hasikii kitu.

Nikazivua. Nikaziba wavu kwa viganja vyote viwili nikiwa nimeziweka sikioni. Kwa za mgongo wazi ukiziba hivyo sauti inabadilika papo hapo, inakuwa kama umeingia kwenye pipa. Hizi hazikubadilika hata chembe. Nilikaa kitandani gizani sijui nimekaa muda gani.

Asubuhi nikaenda kwa rafiki yangu fundi wa redio. Kabla ya kufungua alichukua mita, akagusa pini, upande mmoja omu 31, upande wa pili 31. Hazikuwa 300. Akatoa mto, akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na spika ndogo ya kawaida kabisa, nyembamba kama sarafu, ile inayokaa kwenye hedifoni za bei ya chini kuliko zote. Nyuma yake, palipotakiwa kuwa wazi mpaka kwenye wavu, kuna kisahani cha plastiki kimepakwa rangi nyeusi. Wavu ni pambo. Na kuzunguka spika kuna washa za chuma, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya skrubu, tulizihesabu kumi na nne kila upande, zimebandikwa kwa gundi ya kuyeyusha, ili mkono wako uhisi ule uzito. Halafu fundi akapitisha ukucha pembeni ya kikombe. Mbao ikanyanyuka. Ilikuwa karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao, imevalishwa juu ya plastiki. Ndiyo maana vile vifundo viwili vilikaa sehemu moja. Picha moja, imechapishwa mara mbili. Harufu ya nta? Alipaka nta juu ya plastiki.

Mtu alikaa chini akapanga haya yote. Alipima uzito. Alinunua gundi. Alifikiria mpaka pua yangu.

Huyu mtu afungwe. Sisemi kwa hasira tu, afungwe kweli, na kabla ya kufungwa arudishe pesa ya kila aliyemliza, kwa sababu mtu aliyekamilisha kazi hii kwa ustadi kiasi hiki hajaanza na mimi na hataishia kwangu. Nimesharipoti polisi, nimepeleka zile washa kwenye mfuko, picha, na mazungumzo yote ya siku tisa. Namba yake haipatikani. Tangazo limefutwa. Jina alilotumia silitaji hapa, kwa sababu naamini si lake, na sitaki mtu asiye na kosa avamiwe. Lakini yeye akisoma hapa, na najua anasoma, ajue sitaacha. Kuna aliyeniambia "achana naye, ni pesa tu." Sikubali. Alinichezea kwa ugonjwa. Alisema masikio yanavuma, nikamwombea. Mtu wa namna hiyo apigwe marufuku kila mahali watu wanapouziana vitu, na kila anayemfahamu amtaje kwa polisi.

Mmeniuliza wengi kwa ujumbe mtazitambuaje za bandia. Nitasema haraka, sina nguvu ya kuandika sana. Nenda na mita, ni kitu kidogo kinaingia mfukoni, pima kwenye pini kabla ya kutoa pesa. Za omu 300 zikisoma thelathini na kitu, ondoka. Kama huna, sikiliza kwa simu, simu inazisukuma hizi kwa shida, unapandisha karibu na mwisho, zikipiga kelele kwenye nusu kuna kitu. Ziba wavu. Mpe mwenzako akae pembeni, aseme anasikia nini. Angalia mistari ya mbao kushoto na kulia. Mbao za kweli zinaweza kufanana, zinaweza hata kutazamana kama kwenye kioo, lakini kifundo kilekile, mahali palepale, upande uleule wa mstari, hapana. Na picha ya karatasi yenye jina ihifadhi, nenda nayo, ilinganishe na kilichoko mkononi mstari kwa mstari. Mimi niliihifadhi, nikaifungua baada ya siku mbili. Kwenye picha kikombe cha kulia hakina kifundo chochote. Ilikuwa kwenye simu yangu, mfukoni mwangu, nilipokuwa nimekaa pale hotelini. Namba iliyoandikwa kwenye hedifoni pia ungeweza kumwandikia mtengenezaji ukamuuliza. Sikufanya.

Msiniandikie kwamba ningenunua mpya. Najua.

Ila sikuuziwa mbuzi kwenye gunia, na ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya yote japo nasikia aibu. Nilimtoa mbuzi, nikamshika pembe, nikamwangalia meno. Wenye uzoefu kuliko mimi wangeweza kupigwa kwenye meza ileile.

Kitu cha kukumbuka ni ile picha. Meza nyeusi, ina mkwaruzo mrefu unaokatiza kona ya chini kushoto, na nyuma inaonekana pindo ya pazia la bluu. Karatasi inabadilika, jina linabadilika, lakini ile meza nadhani ataitumia tena, kwa sababu zile Auteur za kweli zilikuwa juu yake. Na huenda hata zina mwenyewe anayezitafuta. Ukitumiwa picha yenye mkwaruzo huo, usimwambie kwamba umemjua. Endelea kuongea naye, mkubalie mahali na saa, kisha nitumie ujumbe mimi. Nitakuja na askari.