Mzee wa giabox wa Kibuye: Corolla yangu ya injini mbili imewacha kukwaruza

Hii gari imenisumbua miezi minne, gereji mbili zimenipigia hesabu ya giabox ingine, kwa hivyo wacha nimwandike huyu mzee juu anastahili. Gereji yake iko kwa ile mistari ya mabati karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, haina bango, we uliza tu mzee wa giabox utaonyeshwa.

Kwanza muelewe gari. Ni Corolla 100, mbele iko na injini yake ya 5A na giabox ya manual ya gia tano, halafu kwa buti nikaweka 5A ingine na giabox yake, nikitumia sehemu yote ya mbele ya gari iliyogongwa, nikafunga tairodi zake, zile fimbo za stelingi, kwa bodi ndo magurudumu ya nyuma yasikate kona. Injini ya nyuma lazima iangalie upande ule ule kama ya mbele, ukiigeuza tu magurudumu yake yatazunguka kinyume na utabaki na gia moja ya kwenda mbele na tano za rivasi. Citroën walitengeneza kitu kama hii miaka ya 1960, 2CV Sahara, injini mbili za cc 425 kila moja, giabox mbili, lakini pedali ya klachi ni moja na leva ya gia ni moja. Hiyo ndo nilitaka, nisiwe na mambo ya leva mbili kwa jam ya Kondele.

Sasa shida. Giabox ya nyuma ilikuwa inakwaruza nikiingiza gia mbili, rivasi ndo mbaya kabisa, halafu nikipanda mlima wa Riat kwa gia tatu nimekanyaga mafuta, tatu inatoka yenyewe na injini ya nyuma inanguruma bure. Ya mbele haina neno. Gereji ya kwanza walisema ringi za shaba zimeisha, ya pili wakasema shafti, na hakuna mtu alikuwa amefungua hata boliti moja.

Mzee yeye alianza kwa kuuliza. "Omera, ukikanyaga klachi ungoje kidogo ndo uweke rivasi, bado inalia?" Nikamwambia ndio mzee, bado inalia. Akasema basi hiyo si giabox bado, hiyo ni klachi haiachii, juu rivasi haina sinkronaiza, zile ringi za shaba za kusawazisha spidi ya gia, na ukishakanyaga klachi vizuri ukangoja sekunde tatu nne, gia za ndani zinafaa kuwa zimesimama. Akaweka kijana ndani akanyage pedali, yeye akalala chini na rula. Slevu ya mbele, ile silinda ndogo inayosukuma klachi, ilisukuma milimita 13. Ya nyuma, 6.

Hapo ndo nilijua niko kwa mtu sahihi. Nilikuwa nimetumia masta moja ya inchi 5/8, ile silinda ya pedali inayosukuma fluidi, kulisha slevu mbili, na fluidi ni ile ile, ukiigawanya kila upande unapata kidogo. Tena haigawanyi sawa, inaenda kwenye spring laini kwanza, na klachi yangu ya mbele ni nzee, ya nyuma ni mpya na ngumu, kwa hivyo ya mbele inashiba ndo ya nyuma inapewa masalio. Mzee akafunga slevu ya mbele isisonge, akasema jaribu. Rivasi ya nyuma ikaingia bila sauti. Nilikuwa nimelala na hii shida miezi minne na jibu likatoka kwa rula na kipande cha chuma.

Dawa kulikuwa na mbili, masta moja kubwa ya 7/8, ambayo inasukuma karibu mara mbili ya 5/8, ama masta mbili za 5/8 zinazosukumwa na pedali moja. Tulichukua ya pili juu kila injini inapata fluidi yake na haiibiwi na mwenzake. Pedali imekuwa nzito, sitadanganya, mguu wa kushoto unaskia.

Ile shida ya gia tatu kutoka nayo aliitafuta hivyo hivyo. Akatoa kebo ya gia kwa giabox ya nyuma, akaweka tatu kwa mkono, tukaendesha na ya nyuma peke yake mpaka Riat. Haikutoka hata mara moja. Kumbe mimi nilichomelea braketi ya kebo kwa bodi badala ya kuifunga kwa giabox yenyewe, kwa hivyo injini ikijitikisa kwa mauntingi, zile raba zinazoibeba, wakati wa mlima, bodi imesimama, giabox imesonga, kebo inavuta tatu nje. Akahamisha braketi, akabadilisha mauntingi moja iliyokuwa imekatika raba, kwisha.

Alimwaga oili pia akanionyesha. Kwa sumaku ya nati ya kumwagia oili kulikuwa na ungaunga mweusi wa chuma, hiyo ni kawaida, lakini ndani ya oili kuna vumbi la dhahabu ambalo sumaku haishiki. Hiyo ni shaba ya sinkronaiza, miezi yangu minne ya kulazimisha gia. Asubuhi gari ikiwa baridi gia mbili bado inakataa kidogo na alinieleza wazi siku moja itabidi tufungue. Akanikataza oili ya GL-5 niliyokuwa nimeweka, akasema giabox kama hii anaipa GL-4, juu ile ingine inateleza sana kwa ringi na dawa zake zinaweza kula shaba.

Kazi yote na spea zilinitoka shilingi 14,500. Ile gereji ya pili ilikuwa inataka 35,000 ya giabox tu.

Malalamiko ninayo. Alisema siku mbili ikawa sita, simu hashiki akiwa chini ya gari, na risiti ni mpaka umwambie mara tatu. Pia hakuna paa ya kutosha, mvua ikinyesha kazi inasimama. Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi ndo uwe wa kwanza, beba oili yako, na mweleze gari inalia wakati gani na kwa gia gani, atakuuliza hiyo kabla hata ya jina lako.