Furushi la JKT madukani Mtwara: bukta ipite, raba zina kasoro

Majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yakitoka, maduka ya nguo mjini Mtwara huanza kuuza furushi zima: bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi na raba. Marekani mwanafunzi wa ROTC, mafunzo ya uofisa wa jeshi ndani ya vyuo vikuu, hupewa sare akiwa chuoni; kwetu unajinunulia kabla ya chuo, hata kama unawazia nyota za uofisa za Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi.

Bukta inafaa: ina mpira kiunoni, haina zipu, inafika magotini. Ila mshono wa katikati ya mapaja ni wa mstari mmoja, na mazoezi ya kuruka kichura ya siku mbili yanaufumua. Mpe fundi cherehani aongeze mstari wa pili kwa uzi wa nailoni. Kabla ya kulipa, chuchumaa nayo palepale dukani, muuzaji acheke akitaka.

Raba ndizo tatizo. Soli imebandikwa kwa gundi tu. Ikunje mbele kwa nguvu: ukiona ufa mwembamba penye vidole, rudisha. Umande wa alfajiri na jua la mchana vitamalizia kazi. Nzima nazo zipeleke kwa fundi viatu azishone kuzunguka soli yote, na ujaribishe ukiwa umevaa soksi zile ndefu.

Shuka hutoa rangi. Fua peke yake kwanza. Jina lishone pembeni, maana bweni zima lina shuka hizohizo.