Nimenyoosha picha, maski ikabaki nyuma: uzoefu wangu na hii programu ya kuediti

Jamani nina hasira, nimekaa siku kadhaa nikisema zitapoa hazipoi, wacha niandike tu labda kuna mtu yuko njiani kuilipia kama nilivyolipia mimi, tena mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa picha za mandhari na kwangu picha inaanzia chini, pale mbele. Milima ya nyuma iwe mizuri vipi, mbele kukiwa na giza tupu jicho halina pa kukanyaga. Sasa juzi kati nikapata mwamba uliolowa pembeni ya bahari, una ufa mrefu na vikome vidogo vyeupe vimeng'ang'ania humo ndani. Nikashusha stendi hadi kamera ikawa usawa wa magoti, lenzi ya 16mm, mwamba ukajaa theluthi nzima ya picha. Anga likatoka safi, mwamba ukatoka mweusi tii. Sikuogopa, maana faili ya RAW (picha ghafi kama kamera ilivyoinasa) ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG ya kawaida ina 256 tu, kwa hiyo nilijua humo gizani kuna kitu.

Nikakaa jioni nzima. Maski ya brashi (eneo unalolipaka ili mabadiliko yaguse hapo tu) juu ya mwamba peke yake, vivuli nikavipandisha kidogo kidogo (ukienda kwa pupa unaibua chengachenga), nyufa nikaziongezea ukali, nikapaka rangi ya joto kidogo mwamba usogee mbele na milima nikaiacha na ubluu wake ikae mbali. Migongo ya mwamba inayopokea mwanga nikaing'arisha mmoja mmoja, mabonde yake nikayatia giza, mpaka ule ufa ukawa unakushika mkono kutoka kona ya kushoto unakupeleka majini. Nilikuwa natabasamu peke yangu chumbani.

Ndo nikaona upeo wa bahari umelalia upande, digrii mbili hivi. Nikaunyoosha.

Picha ikazunguka, maski ikabaki palepale! Mwanga wote niliopaka ukamwagikia majini, mwamba ukapata ukingo mweupe kama umezungushiwa taa, vikome vyangu vikazama gizani. Nabonyeza kurudi hatua moja, inaganda, inajifunga yenyewe. Kuifungua tena, hatua zote zimefutika, kilichobaki ni hiyo takataka iliyoteleza.

Nikawaandikia sapoti kwa heshima kabisa, na picha mbili nikaambatanisha, kabla na baada. Jamaa akanijibu mistari miwili, eti anayejua kazi hunyoosha kwanza, halafu akaongeza kwamba kwani huo mwamba una nini cha kuonyesha. Nani kakuuliza kuhusu mwamba wangu?

Kunyoosha kwanza ni ushauri mzuri, sikatai, mara nyingi nafanya hivyo. Lakini maana yote ya kuediti RAW ni kwamba faili yenyewe haiguswi, yale unayofanya ni maagizo yanakaa pembeni na unaruhusiwa kubadili mawazo saa yoyote. Picha ikizunguka maski izunguke nayo, hiyo ni kazi ya programu, siyo kazi ya mteja.

Nilitaka kutoa nyota moja nimalize. Ila haki yake nayo niseme, ile maski ya kuchagua kwa mwangaza ni balaa, unapaka harakaharaka halafu unaiambia ishike sehemu zinazong'aa tu, na ile ngozi ya maji juu ya jiwe inajitenga yenyewe bila kumwagikia anga, hakuna ukingo hakuna nini. Kwa hicho kifaa kimoja tu nikaipa programu nyota tatu moyoni, nikaghairi hata kuomba hela yangu, nikasema nirudie kazi upya, safari hii nanyoosha mwanzo kabisa.

Nimerudia mara tatu sasa. Mwamba unatoka vizuri, mtu mwingine akiuona atasifia, ila ile jioni vikome vilikuwa vimewaka kimoja kimoja ndani ya ufa na sikumbuki brashi niliipitishaje, kila nikijaribu vinatoka vimepauka kama chaki. Na kila vikipauka namkumbuka yule jamaa na jibu lake.

Nyota moja.