Nilifuata chaja Kariakoo nikarudi na mavampaya

Jamani nilipita tu kutafuta chaja nikakuta jamaa kapanga dividii za kale kwenye kimeza pembeni ya duka la simu, yaani muvi ambazo hata mtandaoni ni za kutafuta kwa tochi, nikabeba mbili, buku tatu kila moja. Ya kwanza The Legend of the 7 Golden Vampires ya 1974, kampuni ya muvi ya Hammer ya Uingereza imeungana na wenzao Shaw Brothers wa Hong Kong, mzee Peter Cushing anawinda mavampaya huko China huku David Chiang na ndugu zake wanashusha kungfu. Vinyago vinachekesha ila mapigano, we acha.

Ya pili ndo ilinimaliza. Trilogy of Terror, ilitengenezwa kwa ajili ya tivi ya ABC Marekani 1975, stori tatu na mwigizaji Karen Black yumo zote, sasa hiyo ya mwisho kuna kasanamu kenye meno kanamkimbiza mle ndani kwake, nimelala taa inawaka na utu uzima wangu huu!

Diski moja iligandaganda, muuzaji akanibadilishia bila maneno. Ukienda mwambie aijaribu kwanza kwenye deki yake.