Dumu la alizeti la lita 5: mafuta safi, kifuniko cha kukomoa watu

Sina ugomvi na mafuta yenyewe. Alizeti hii ni safi, haina harufu, haitoi povu kwenye karai, na hata baridi hii ya Moshi haiigandishi kama inavyoyagandisha yale ya mawese. Ugomvi wangu ni pete. Ile pete ya plastiki iliyo chini ya kifuniko, ambayo ukiivuta inatakiwa ing'oe sili, yaani kile kiziba mdomo cha plastiki, uanze kumimina. Haing'oi kitu. Inakatika, wewe unabaki umeshika pete na dumu limefungwa vilevile. Na wala si dumu moja lenye bahati mbaya, mzigo wa kipindi hiki karibu wote uko hivyo.

Fungua kifuniko cha nje uangalie vizuri. Pete imelala juu ya sili, imeshikiliwa na shina jembamba upande mmoja. Kuzunguka sili kuna mfereji, pale plastiki ilipopunguzwa unene ili ichanike. Ukivuta, tazama lile shina: linapauka, linakuwa jeupe, linarefuka, linakonda, kisha tak! Weupe ule maana yake plastiki imevutwa kupita uwezo wake, kwa hiyo ukiuona acha kuvuta hapohapo. Hesabu yake ni nyepesi mno. Shina likizidi nguvu mfereji, sili inachanika. Mfereji ukilizidi shina, linakatika shina. Nimekata sili ya dumu hili kwa wembe nikailinganisha na ya kampuni nyingine, na unene wa mfereji unaonekana kwa macho tu, huhitaji kipimo. Halafu pete yenyewe ni ndogo, kidole cha mtu mzima kinaingia ncha peke yake. Weka na baridi ya mwezi wa saba, plastiki imekakamaa, vidole vimeshika mafuta tangu asubuhi. Aliyelipitisha dumu hili kiwandani hakulifungua hata mara moja, hilo nalisema bila woga.

Pete ikishakatika, wengi wanachukua kisu wanatoboa katikati. Msifanye hivyo jamani. Tundu moja dogo halina pa kupitishia hewa, kwa hiyo mafuta hayatiririki, yanatoka kwa mapigo: yanakata, yanaruka, yanakata tena. Dumu limejaa, kama kilo nne na nusu hivi ya mafuta peke yake, umelishika kwa mkono mmoja juu ya karai la moto. Likiruka vibaya ni mkono wako au ni moto jikoni. Tena kisu kinaacha manyuzi ya plastiki pembezoni mwa tundu, na manyuzi hayo yanaanguka ndani. Plastiki laini ya vifuniko hivi inayeyuka kwenye nyuzi kama 110, na chipsi zinakaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 180. Yakishaingia karaini huyaoni tena, unayala.

Njia inayosaidia ni hii. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kamua, kiweke juu ya sili dakika moja au mbili plastiki ilainike, kisha kausha kabisa maana tone la maji kwenye mafuta ya moto ni balaa. Inua pete taratibu kwa ncha ya mpini wa kijiko. Pitisha mpini ndani ya pete, uegemeze kwenye ukingo wa mdomo wa dumu, ubinye chini polepole mpaka mfereji ufunguke karibu na shina. Ukishafunguka hapo, acha kuvuta kwenda juu. Vuta kwa ubavu, ukiufuata mfereji mpaka uzunguke wote.

Shina likikatika kabla ya hapo, kinabaki kisiki kidogo kama punje ya mchele. Kibane na plaizi yenye mdomo mwembamba, uiviringishe plaizi kama unavyokunja mkeka, sili itaifuata. Kisiki nacho kikitoka, hapo ndipo wembe mpya unaingia: dumu limesimama wima, kata juu ya mfereji wenyewe, bakiza sehemu ndogo, halafu inua sili kwa plaizi isidondoke ndani. Mafuta ya kwanza yapitishe kwenye chujio. Wakati wa kumimina lilaze dumu ubavu, mdomo ukae upande wa juu, hewa iingie mafuta yakitoka. Na ule mkanda wa kifuniko unaobaki shingoni ukate uutupe, chini yake mafuta yanajikusanya na mende wanapajua.

Kazi yote hiyo ili ufungue mafuta uliyoyalipia!

Ningeweza kuvumilia, kwa kweli, maana mafuta haya yanarudia kukaanga vizuri kuliko mengi niliyotumia. Kilichonichefua ni duka la jumla pale Mbuyuni. Nimewapelekea dumu, pete imekatika, sili nzima, hata tone halijatoka. Kijana wa kaunta hakuligusa. "Dada, kwani mafuta hayamo? Toboa na kisu kama wenzako." Kisha akamgeukia mteja mwingine. Namba ya huduma kwa wateja kwenye lebo inaita mpaka inakata. Kwa hiyo muuzaji anajua, kiwanda hakipokei simu, na ushauri wao wote kwa mwenye karai la moto ni kisu.

Nilikuwa nimekusudia nyota tatu kwa tano, kwa heshima ya mafuta. Nikifikiria ile "kama wenzako" naziondoa mbili. Wenzangu ni kina mama lishe wenye watoto mgongoni na makovu ya mafuta mikononi.

Kiwanda kiongeze unene wa shina, kipanue pete iingie kidole kizima, kipunguze unene wa mfereji, na wajaribu kulifungua asubuhi ya baridi kwa mkono wenye mafuta. Mpaka watakapofanya hivyo, ukienda dukani omba dumu la kampuni nyingine lenye sili ya karatasi ya bati, ile unayobandua kwa ukucha, hata kama mafuta yake hayafikii haya. Na ukilazimika kuchukua hili, muombe muuzaji alifungue mbele yako kabla hujalipa.