Kiminyio cha kitunguu saumu: nimekaa nacho mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Nilikinunua kwa sababu moja tu, uvivu. Kumenya punje moja moja halafu vidole vinanuka mpaka kesho yake kulishanichosha, nikaona kwenye video mtu anatia punje na ganda lake, anaminya, linatoka rojo safi, nikasema hiki ndo changu.

Wiki ya kwanza nilikisifia mpaka watu wakachoka. Na kweli, ganda linabaki ndani, nyama inapita kwenye vitundu, hapo hawakudanganya. Ila hawasemi kwamba lile ganda linaziba vitundu, kwa hiyo kila baada ya punje mbili tatu unasimama unakwangua kwa ncha ya kisu, na kingine kimebaki kimeganda humohumo. Kuosha sasa! Ukikiacha kikakauka kidogo tu ujue ushaumia, mie nina mswaki wa zamani maalum kwa kazi hiyo, msinicheke. Halafu changu ni cha aluminiamu nyepesi, mwezi wa tatu mikono ikaanza kupinda. Kama lazima ununue basi chukua cha stili, kizito, chenye sehemu ya vitundu inayochomoka.

Lililonikera zaidi lakini lilikuwa uchungu. Rojo nilikuwa nalitupia kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu maji, sekunde chache limeshakuwa kahawia na mchuzi wote mchungu. Nikakilaumu kidude weee, kumbe kosa langu. Saumu ikisagwa laini inaungua upesi kuliko vipande, na ukali wake unazidi, maana ule ukali (inaitwa alisini) haumo kwenye punje nzima, unatokea pale unapoivunja. Ndo maana punje nzima ukiichemsha inakuwa laini na tamutamu tu. Siku hizi kitunguu maji kinatangulia, kikishalainika ndo saumu inaingia, inanukia kidogo tu natia vya maji maji, yaishe.

Na ukweli ni kwamba siku nyingi natumia kisu tu. Kata kitako cha punje, ilaze kwenye kibao, weka bapa la kisu juu (makali yaangalie upande mwingine jamani) piga kwa kiganja mara moja, ganda linaachia lenyewe. Ukitaka rojo nyunyiza chumvi kidogo, katakata, halafu burura kwa bapa la kisu, ile chumvi ndo inasaga, dakika moja umemaliza na cha kuosha ni kisu na kibao. Zikiwa nyingi, kinu na mchi, hapo pia chumvi inasaidia punje zisirukeruke.

Wale mnaosaga nyingi mkaloweka kwenye mafuta, msiiache kabatini. Bakteria wa botulini (anayetia chakula sumu) anapenda palepale pasipo na hewa, kama humo ndani ya mafuta, na sumu yake huwezi kuijua kwa harufu. Mie nagandisha kwenye trei ya barafu, nachomoa kipande kimoja kimoja.

Kiminyio nakipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Kiko droo ya chini, nakitoa nikitengeneza sosi ya saladi tu, kwa sababu hapo nataka saumu iyeyuke kabisa mtu asikutane na kipande, na mswaki wake uko pembeni yake.