Jiko la Kauri la Gikomba: Tathmini ya Chombo na ya Ujuzi Uliokizaa

Jiko ninalolitathmini hapa nililinunua katika soko la Gikomba, Nairobi, miaka miwili iliyopita kwa shilingi 600, na tangu siku hiyo limepika chakula cha nyumba ya watu watano karibu kila jioni. Ni jiko la mkaa lenye kiuno chembamba, pana juu na pana chini, lililovikwa bati kwa nje. Katika nusu ya juu limewekwa kigae cha udongo uliochomwa, na kitako cha kigae hicho kimetobolewa matundu ya kupitisha hewa na kudondosha majivu. Lina vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria, mikono miwili ya kulibebea, miguu mitatu na mlango mdogo wa kuongoza hewa, na uzito wake ni kilo sita hivi. Wakenya wengi wanalo au wamewahi kulipikia, na huenda ndiyo sababu ni wachache wanaolitazama kama kazi ya ubunifu. Mimi hubuni vyombo vya nyumbani kwa riziki yangu, nami nililinunua kwa nia mbili: kupikia, na kuelewa kwa nini lilifaulu pale ambapo vyombo vingi vilivyochorwa kwa ustadi mkubwa zaidi vilishindwa.

Kwa upande wa kupika sina malalamiko makubwa. Mkebe wa mkaa uliokuwa ukinitosha siku mbili kwenye jiko la bati tupu sasa hunifikisha siku ya tatu, na hilo linakaribiana na yale ambayo wapimaji wamekuwa wakiyasema kwa miaka mingi. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria kati ya asilimia 10 na 20 ya joto la mkaa, ilhali la kauri hupeleka kati ya asilimia 25 na 40 likitumiwa vizuri. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Anayeacha mlango wazi muda wote hapati akiba yoyote, kwa kuwa mkaa huwaka kwa pupa na kigae hakipewi nafasi ya kufanya kazi yake. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, ikishachemka, mlango hufungwa ukabaki upenyo wa kidole kimoja, na joto lililohifadhiwa na udongo humalizia kazi kwa saa nzima bila mkaa kuongezwa. Tena bati la nje halichomi kama la jiko la zamani, jambo ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto anayetambaa atalithamini kuliko asilimia zote nilizozitaja.

Chombo hiki hakikuibuka kichwani mwa mtu mmoja. Mnamo Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati hapa Nairobi, na katika miaka iliyofuata wahandisi, mashirika ya hiari, vikundi vya wanawake na mafundi wa jua kali walikaa pamoja kutafuta jiko ambalo lingepunguza mkaa unaoliwa mijini. Wazo la kigae lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, lakini halikunakiliwa kama lilivyo. Lilifungwa katika bati ambalo mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba walikuwa tayari wakilikata na kulikunja kwa nyundo, na umbo likabadilishwa zaidi ya mara moja. Bati hupanuka upesi kuliko udongo, hivyo kigae kinachobanwa kuanzia juu hadi chini hakikawii kupasuka. Kukifupisha hadi nusu ya juu na kukikalisha juu ya kiuno kulipunguza tatizo hilo, kulipunguza uzito, na kukaacha sehemu pana chini ili jiko lisipinduke.

Hapo kwenye kutopinduka ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapouona ujuzi ambao shule nyingi za ubunifu hazikuwa zikiufundisha. Anayesonga ugali wa watu watano hutumia nguvu za mabega yote mawili. Sufuria husukumwa mbele, huvutwa nyuma, huzungushwa, na mwishoni unga unapokaza, mwiko hugeuka mtaimbo. Jiko lolote linaloyumba wakati huo litamwaga maji ya moto miguuni mwa mpishi, naye hatalitumia mara ya pili, hata kama limeshinda majaribio yote ya maabara. Kipimo cha maabara huchemsha maji katika sufuria iliyotulia. Mbunifu ambaye hajawahi kusonga ugali mwenyewe, au angalau kukaa jikoni kwa jioni kadhaa akimtazama mama anayeusonga, hana namna ya kujua kwamba vile vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria ni muhimu kuliko rangi ya bati. Siku hizi tunasema kwamba mbunifu wa mambo ya jamii anahitaji kusikiliza watu. Ni kweli, lakini kusikiliza hakutoshi, kwa kuwa mpishi mwenyewe hawezi kukueleza kwa maneno kila kitu ambacho mabega yake yanakijua. Inabidi ushike mwiko.

Sasa nifike kwenye kasoro. Kigae cha jiko langu kilipasuka mwezi wa nane. Ulianza ufa mwembamba karibu na mlango, ukapanda, na baada ya wiki tatu kipande cha ukubwa wa kiganja kikadondoka ndani ya majivu. Nilirudi kwa yule aliyeniuzia, naye akanijibu kwamba nimelimwagia maji, jambo ambalo sikulifanya. Mama mmoja mwenye kibanda cha jirani, ambaye huuza vigae vitupu, ndiye aliyenieleza nililopaswa kulijua kabla ya kulipa. Alichukua vigae viwili vilivyofanana kabisa kwa macho, akavigonga kwa ukucha. Kimoja kilitoa mlio mkavu na mrefu kama wa kikombe, cha pili kikatoa sauti ya kufa kama ya tofali bichi. “Hiki hakikuiva, mwanangu,” akasema. “Moto wa tanuri ulizimwa mapema kuokoa kuni.” Nilinunua kile kilicholia, fundi akakikalisha kwa saruji huku nikimtazama, na hadi leo hakina ufa.

Tukio hilo limenifunza mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni sifa: jiko hili linatengenezeka. Sehemu yake inayokufa kwanza hubadilishwa peke yake, katika soko lilelile, na fundi asiyehitaji kifaa chochote kutoka ng'ambo. Yapo majiko ya kiwandani yanayolishinda hili kwa akiba ya mkaa, lakini si yote yanayoweza kufunguliwa na fundi wa mtaani siku yanapoharibika. La pili ni lawama, na nailekeza kwetu sisi wabunifu. Hakuna aliyezuiwa kuiga jiko hili, na huo ndio uliokuwa mlango wake wa mafanikio. Bei iliyoanza karibu dola 15 ilishuka hadi kati ya dola mbili na tano kadiri mafundi walivyoongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini. Mfano wake ulifika Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia. Lakini uhuru huohuo umeleta vigae visivyoiva, na mnunuzi hana alama yoyote ya kumwongoza. Mwandishi wa mchoro wa kwanza hawezi kusema kazi yake iliishia kwenye mchoro. Kupanga jinsi ubora utakavyolindwa chombo kitakapokuwa mikononi mwa mafundi elfu moja ni sehemu ya ubunifu, sawa na kupanga unene wa kigae, na ni ujuzi unaohitaji kuelewa tanuri, bei ya kuni za mfinyanzi, na shinikizo linalomfanya azime moto mapema.

Kuna pia msitu, ambao haumo jikoni lakini umo ndani ya kila mkebe. Kwa njia ya kawaida ya kufukia magogo kwenye udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Mwanzoni mwa 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya mkaa kwa sababu migunga yake ilikuwa ikiisha, na Februari mwaka huohuo serikali ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote. Bei ya mkaa mtaani ilipanda, na familia zilizokuwa na jiko la kauri ziliumia kidogo kuliko zilizobaki na bati tupu. Hata hivyo lazima niseme wazi kwamba jiko linalopunguza mkaa kwa theluthi moja haliokoi msitu wa mji unaokua kila mwaka. Linachelewesha tu. Mbunifu anayelipigia debe kama tiba ya ukataji miti anawadanganya watu, hata kama nia yake ni njema.

Kwa afya ndipo ninapolipa jiko hili alama za chini. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kigae hakiizuii. Kila Julai baridi inapokaza katika nyanda za juu, zipo familia zinazoingiza jiko ndani na kufunga madirisha, na wengine hawaamki. Ningependa kila kibanda cha Gikomba kiwe na onyo hilo limepakwa kwenye bati lenyewe kwa Kiswahili. Kwa ujumla wake, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Na majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu yamekuwa makali kwa wabunifu. Nchini Malawi, utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 10,000 na kuchapishwa 2016 haukupata upungufu wa nimonia katika nyumba zilizopewa majiko ya kuni yenye feni. Kule Orissa, India, watafiti walioendelea kurudi vijijini kwa miaka minne waligundua kwamba majiko yaliyopunguza moshi mwaka wa kwanza yalikuwa yameachwa au hayatunzwi tena baadaye. Kilichokosekana huko ni subira ya kubaki karibu na chombo hadi mwaka wa tatu, wakati picha za uzinduzi zimekwisha kusahaulika.

Ndiyo maana ninaposikia wanafunzi wa ubunifu wakiuliza wajifunze programu gani ya kuchorea, huwa natamani waulize pia wajifunze kupima nini, na kwa muda gani. Kazi yetu inahama kutoka mkaa kwenda umeme, na Kenya ina bahati kwamba sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Jirani yangu hupikia maharagwe kwenye sufuria ya umeme ya shinikizo, nami nimeona maharagwe hayo yakiiva kwa muda usiofika nusu ya ule wa kwangu. Lakini atakayebuni sufuria ya aina hiyo kwa ajili ya nyumba ya chumba kimoja analazimika kuelewa waya chakavu za mwenye nyumba, tokeni zinazoisha katikati ya upishi, malipo ya kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ukweli kwamba watu hawatupi jiko la zamani wanapopata jipya, bali huyatumia yote mawili. Mimi mwenyewe ninayo matatu jikoni. Tanzania imeweka lengo kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya wananchi wake wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na nina hakika kwamba kinachokwamisha lengo kama hilo ni mambo haya madogo ya nyumbani kuliko uhaba wa michoro.

Kupima kwa uaminifu kumekuwa jambo la dharura zaidi tangu miradi ya majiko ianze kuuza hesabu ya hewa ya ukaa, yaani kaboni. Miradi mingi sasa hugharamiwa na kampuni za nje zinazonunua hesabu ya kaboni ambayo inasemekana haikutolewa, na Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba hesabu za miradi waliyoichunguza zilizidishwa takriban mara tisa. Mbunifu aliyehesabu kwamba kila jiko alilogawa linatumika kila siku, bila kurudi kubisha hodi, ni mshiriki katika kosa hilo. Siku za nyuma ningesema takwimu ni kazi ya mtu mwingine. Siwezi kulisema tena.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni kwamba jiko hili linastahili shilingi zake ikiwa utaendelea kutumia mkaa kwa vyovyote, ikiwa utapikia mahali penye hewa, na ikiwa utagonga kigae kabla ya kulipa. Chagua lenye bati nene kitakoni, jaribu mlango mara kumi papo hapo sokoni, na ununue kigae cha akiba. Mlango ndio udhaifu uliobaki kwangu: bati lake jembamba hupinda kwa joto, na likishapinda haliwezi kuacha ule upenyo wa kidole kimoja ambao akiba yote inautegemea. Nimempelekea fundi wangu wa Gikomba mchoro wa mlango wa kuteleza badala ya wa bawaba. Aliutazama kwa dakika moja, akaufuta nusu kwa kidole, akachora mwingine kwa chaki kwenye sakafu ya kibanda, wenye mfereji mpana zaidi ili majivu yasiukwamishe. Wake ni bora kuliko wangu. Tumekubaliana atengeneze mitatu, nami niigawe kwa majirani watatu na kurudi kuikagua kila mwisho wa mwezi hadi mvua za mwaka ujao.